Kabla ya Kufiwa Kuna Kuuguliwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: FARAJA KWA WANAOUGUZA NDUGU NA RAFIKI

Mheshimiwa Waziri,

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyoundwa kwa kanuni moja ya sarufi, navyo ni kufiwa na kuuguliwa. Cha kwanza kinatokana na kufa na cha pili kinatokana na kuugua, na vyote viwili humtaja mtu ambaye kifo au ugonjwa haukumpata yeye mwilini, ila umemwangukia kwa sababu aliyefariki au anayeugua ni wake. Lugha ilikwisha kutambua, zamani kabla ya wataalamu wa afya kuandika juu ya jambo hili, kwamba ugonjwa mmoja huwa na watu wawili, anayeugua na anayeuguliwa. Tofauti inaanzia pale sarufi inapoishia. Aliyefiwa amepewa jina lake, mfiwa, na pamoja na jina hilo amepewa matanga, rambirambi, turubai na viti vya kukodi, majirani wanaopika na kuosha vyombo, viongozi wa dini wanaomfuata nyumbani, na ruhusa ya kutokwenda kazini. Aliyeuguliwa hana hata jina lililozoeleka, na ndiyo maana barua hii inalazimika kumwita muuguliwa, yaani mtu anayebeba ugonjwa wa mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu au rafiki yake kwa kumhudumia siku baada ya siku. Akikutana na watu njiani huambiwa "pole kwa kuuguza", maneno ambayo ni mazuri na ya kweli, lakini baada ya pole hiyo kila mtu hushika njia yake.

Pengo hilo limeingia hata katika sheria. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo endapo mtoto wake anaugua au amefariki, na pia endapo amefiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake. Ugonjwa wa mzazi, wa mwenzi au wa ndugu haukutajwa humo. Kwa hiyo karani ambaye mama yake amepooza anayo haki ya kukaa nyumbani kwa malipo siku mama huyo atakapofariki, wakati kifungu hicho hakimpi haki hiyo sasa, mama angali hai na anahitaji kugeuzwa kitandani. Haielekei kwamba waliotunga sheria walikuwa na moyo mgumu. Walifuata desturi ya nchi, na desturi inajua kukusanyika msibani kuliko inavyojua kukusanyika ugonjwani.

Ni vyema ieleweke ni nani hasa anayezungumziwa. Nje ya geti la hospitali kubwa ya rufaa, asubuhi kabla ya saa ya kuona wagonjwa, huwa kuna mstari wa watu wenye vikapu, na ndani ya kila kikapu mna chupa ya uji, hotipoti, kanga safi, sabuni, na kadi ya kliniki iliyoviringishwa vizuri ili isilowe. Baadhi yao wametoka wilaya za mbali na hawana ndugu mjini, na wale walioambatana na wagonjwa wa saratani wanaofuata mionzi Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza wanaweza kuwa mbali na nyumba zao kwa wiki kadhaa. Nesi anapotokea mlangoni na kuita, "Ndugu wa mgonjwa, kitanda namba tisa!", anayesimama pengine si ndugu wa damu hata kidogo: ni dereva wa bodaboda wa kijiwe kimoja na aliyevunjika mguu, au ni mpangaji wa chumba cha jirani, ambaye amekubali kuitwa ndugu kwa sababu mwingine hakutokea. Rafiki huyu ndiye anayekimbilia duka la dawa, ndiye anayepokea habari mbaya kabla ya mtu yeyote wa ukoo, kisha ukoo ukifika yeye hurudi kuwa mtu baki, na ni nadra kuulizwa alilala wapi.

Hata hivyo sehemu kubwa ya kuuguza hufanyika nyumbani, mahali ambapo hakuna nesi wala mstari. Mtu aliyepatwa na kiharusi, ugonjwa ambao damu huziba au huvuja katika ubongo na mara nyingi kuacha upande mmoja wa mwili umepooza, huruhusiwa kutoka hospitali baada ya siku au wiki chache, na tangu hapo usalama wa ngozi yake unategemea mikono ya mtu mmoja. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgandamizo, ambavyo hutokea pale mfupa unapoibana nyama kwenye godoro kwa muda mrefu. Anayemgeuza hupitisha kanga iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo na nyonga, hushika pindo zake karibu na mwili wa mgonjwa, huegemeza goti moja kitandani na kumvuta taratibu kuelekea kwake, huku akitazama visigino na kiuno kama ngozi imeanza kubadilika rangi, kisha huweka mto au nguo zilizoviringishwa katikati ya magoti. Kazi hiyo haimalizi dakika 10, na mtu akiitazama mara moja hataiona kuwa ngumu. Ugumu wake ni kwamba inarudiwa saa nne usiku, saa sita, saa nane na saa kumi, kwa miezi, na mtu yule yule ambaye alfajiri anatakiwa awashe moto, awaandae watoto kwenda shule na apokee simu za ndugu walioko mbali wanaotaka kujua kama dawa zimetolewa kwa wakati.

Maradhi mengine huleta mzigo wa sura nyingine. Katika dimensia, ambayo ni hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hatua kwa hatua, hasa uzeeni, mgonjwa anaweza kuwa na nguvu za kutembea lakini asimtambue anayemlisha, akamwita mwizi, au akatoka nyumbani usiku wa manane. Utafiti uliofanyika wilayani Hai mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na hali hiyo, kwa hiyo fikra kwamba dimensia ni ugonjwa wa Ulaya haina msingi. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na madhara katika ubongo unaokua, hubeba mgongoni mtoto wa miaka 8 au 9, na juu ya uzito huo hubebeshwa maneno ya wanaosema kwamba amelaaniwa au kwamba mtoto ni kafara. Wapo walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo hiyo.

Msaada wa kihisia unaoombwa hapa ni mpango wowote wa makusudi unaompa muuguliwa nafasi ya kusema yaliyo moyoni bila kuhukumiwa, kuyatambua kwa majina yake, na kupumzika kabla nguvu hazijamwishia. Kwamba mzigo huu unaweza kupimwa ni jambo lililojulikana kwa zaidi ya miaka 40: mwaka 1980 mwanasaikolojia Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walichapisha dodoso la kupima mzigo wa wanaouguza, ambalo toleo lake linalotumika zaidi lina maswali 22, yanayogusa mambo kama kukosa muda wa mtu mwenyewe, kuwa na hasira mbele ya mgonjwa, afya kudhoofika, na kujihisi kwamba hutendi ya kutosha. Watu wa mitaani nao wana kipimo chao, kwa maana husema kwamba fulani "ana mawazo", na wasemapo hivyo hawakusudii kwamba anafikiri. Wanakusudia kwamba halali, hali, hacheki tena, na akisemeshwa hujibu kama mtu aliye mbali. Mchanganyiko huo wa dalili, ukidumu kwa wiki kadhaa, ndio ambao madaktari huuita sonona, na ni ugonjwa unaotibika.

Kati ya hisia za muuguliwa iko moja ambayo wengi wanaouguza kwa muda mrefu huifahamu na wachache sana huitamka, nayo ni kutamani yaishe. Kwa kuwa njia ya kuisha mara nyingi ni kifo cha mgonjwa, anayetamani hivyo hujiona kama muuaji; huomba toba kwa wazo lililompitia alipokuwa akifua shuka la nne kwa siku moja, na kesho yake hujiadhibu kwa kuhudumu zaidi na kukataa kupokewa kazi. Wazo hilo halitokani na chuki. Ni dalili ya uchovu, na pia ni sehemu ya huzuni tangulizi, yaani maombolezo yanayoanza kabla ya kifo, pale mtu anapompoteza ampendaye kidogo kidogo, leo sauti, mwezi ujao kicheko, mwakani uwezo wa kumtambua mwanawe. Mhudumu aliyefunzwa anaweza kumwambia muuguliwa kwamba wazo kama hilo limewapitia wengi waliowapenda wagonjwa wao, na sentensi hiyo moja, ikisemwa na mtu anayeaminika, ina uwezo wa kumwondolea mzigo ambao hata katika sala zake aliuficha. Hasira nayo ni hivyo hivyo, ila ina hatari ya ziada: mikono iliyochoka humvuta mgonjwa kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, kijiko hushindiliwa mdomoni, sauti hupanda, na mgonjwa asiyeweza kusema hubaki na michubuko ambayo haitaelezwa kliniki. Kwa hiyo hata kama Wizara ingetaka kumtazama mgonjwa peke yake, bado ingelazimika kumtazama anayemuuguza.

Faraja zilizozoeleka hazitoshi, na nyingine huumiza. "Vumilia", "ndiyo kazi ya mtoto kwa mzazi", "Mungu hampi mja wake mzigo asioweza kuubeba": kila neno hapa lina ukweli wake kwa mwenye imani, na barua hii haikusudii kulibeza hata moja, lakini likisemwa mapema, kabla mtu hajasikilizwa, humfunga mdomo kwa sababu atakayeendelea kulalamika ataonekana hana subira wala imani. Wahenga waliliona jambo hili waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata salamu ina sehemu yake katika kumficha muuguliwa: huulizwa "mgonjwa anaendeleaje?", naye hujibu "anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu", na mazungumzo yakaishia hapo, swali likiwa limempita aliyeulizwa na kwenda kwa mtu aliyelala chumbani.

Mheshimiwa Waziri, nchi hii haianzi kutoka sifuri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida, mgonjwa hakuwa na pa kulala isipokuwa nyumbani, na anayemuuguza alikuwa mama mzee, mjane au mtoto. Ndipo yalipozaliwa mashirika kama WAMATA, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, na baadaye huduma za wagonjwa majumbani, ambazo ndani yake wahudumu wa kujitolea waliingia katika nyumba ambazo majirani walikuwa wakiziogopa, wakaketi, wakafundisha namna ya kumwogesha mgonjwa, na wakamsikiliza aliyekuwa akimwogesha. Walijifunza bila vitabu vingi kwamba ziara inayomhusu mgonjwa tu ni nusu ya ziara. Ujuzi huo ungalipo kwa wanawake waliofanya kazi hiyo, ambao wengi wao sasa ni watu wazima sana, na ungestahili kukusanywa wangali hai. Aidha, tiba shufaa, yaani tiba inayolenga kupunguza maumivu na mahangaiko pale ugonjwa unapokuwa mzito au hautarajiwi kupona, inaihesabu familia kuwa sehemu ya wanaohudumiwa, na fasili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 inataja kuisaidia familia wakati wa ugonjwa na baada ya kifo. Kinachoombwa ni kwamba msaada huo usiwe wa familia za wagonjwa wa saratani waliobahatika kufika penye kitengo cha tiba shufaa tu. Umfikie pia anayemgeuza mgonjwa wa kiharusi kijijini.

Mfano wa karibu uko Zimbabwe. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi 14 wa mtaani kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, wakiwa wameketi nao kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, na mpango huo ukaitwa benchi la urafiki. Bibi hao hawakutumia istilahi za kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa mara moja kwa sababu ni ndugu wa ule usemi wa "ana mawazo". Matokeo ya jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare na kuwahusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, na yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 walioketi na washauri hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Fundisho la Mbare ni kwamba kusikiliza ni ufundi unaofundishika, na kwamba mtu asiye daktari, akifunzwa na kusimamiwa, anaweza kuutenda vizuri.

Hapa ndipo ombi kuu la barua hii lilipo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kote ndani ya miaka 5, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Wahudumu hao wataingia katika nyumba kuuliza habari za uzazi, lishe, malaria na kifua kikuu, na katika nyingi ya nyumba hizo watamkuta mtu ameketi kando ya kitanda. Wizara inaombwa iweke ndani ya mafunzo yao somo la namna ya kumsikiliza muuguliwa, na ndani ya daftari lao la ziara nafasi ya kuandika jina lake pembeni ya jina la mgonjwa, pamoja na majibu ya maswali machache yasiyohitaji kifaa chochote: amelala saa ngapi usiku wa jana, mara ya mwisho kutoka nyumbani kwa shughuli yake mwenyewe ilikuwa lini, na ni nani humpokea anapochoka. Majibu yakionyesha dalili za sonona, mhudumu ampeleke muuguliwa kituo cha afya kama ambavyo angempeleka mwenye homa.

Swali la nani humpokea lina uzito kuliko linavyoonekana. Uamuzi wa nani amuuguze mzazi hufanywa mara moja tu, katika kikao cha familia cha siku za mwanzo, wakati kila mtu anadhani ugonjwa utachukua wiki mbili, na mara nyingi huangukia kwa binti ambaye hajaolewa au aliyeachika, kitinda mimba, au yeyote anayesemwa kwamba hana kazi, kana kwamba genge lake la mboga au shamba lake si kazi. Wengine huahidi fedha, na baadhi huzituma kweli, kutoka Mwanza, Muscat au London, kisha kikao hakiitwi tena mpaka siku ya kupanga mazishi. Mhudumu wa afya, akifuatana na mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii, ana heshima ya kutosha kuomba kikao kiitwe upya na kazi igawanywe kwa zamu, hata kama zamu yenyewe ni Jumamosi moja kwa mwezi. Binti wa nyumba akiomba mwenyewe, huambiwa amechoka na mzazi wake. Ombi lile lile likitoka kwa mtu wa Serikali aliyevaa kitambulisho, linakuwa agizo la afya.

Hospitalini, kinachoombwa ni kidogo. Kabla mgonjwa asiyejiweza hajaruhusiwa, mtu atakayemuuguza apewe nusu saa ya nesi ya kuonyeshwa kugeuza, kulisha na kusafisha, na ndani ya nusu saa hiyo aambiwe waziwazi kwamba kuchoka na kukasirika kutakuja, na ni wapi pa kwenda kukija. Ofisi za ustawi wa jamii zilizomo ndani ya hospitali ziwahesabu wanaouguza kuwa wateja wao, akiwemo rafiki asiye ndugu. Kuhusu kifungu cha 34, ambacho kiko mikononi mwa Wizara nyingine, neno la Waziri wa Afya katika Baraza la Mawaziri lingekuwa na nguvu kuliko barua mia.

Ombi la mwisho linahusu siku ambazo kwa kawaida hakuna tena anayehesabu. Msibani, waliotoka mbali ndio wanaounda kamati, wanaoshika daftari la rambirambi na wanaosimama kutoa shukrani, wakati aliyeuguza kwa miaka 4 yuko jikoni, na asipokuwa na bahati husikia akiwa huko huko mtu akisema kwamba marehemu hakutunzwa vizuri. Baada ya arobaini nyumba hubaki tupu. Mhudumu wa afya aliyekuwa akija kwa ajili ya mgonjwa hana tena sababu ya kupita, kwa kuwa katika daftari lake nyumba hiyo haina mgonjwa. Wizara iagize apite walau mara moja zaidi, amwulize aliyebaki analalaje. Kwa maana mwili uliozoea kuamka kila baada ya saa 2 hauambiwi na mtu kwamba kazi imekwisha, na wapo ambao miezi kadhaa baada ya mazishi huamka saa nane usiku, wakashika pindo la kanga, na kukumbuka pale tu wanapokuwa tayari wamesimama kando ya kitanda.

Nakala:
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum;
Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira;
Waganga Wakuu wa Mikoa.